Soma Jani la Mpunga Kabla ya Kwenda Duka la Pembejeo

Mpunga ukishashika kwenye majaruba ya Idodi, Mapogoro na Tungamalenga, kati ya Februari na Aprili, ndipo madoa huanza kuonekana kwenye majani. Mkulima huchuma jani moja, hulitia mfukoni, na jioni hulitoa dukani likiwa limenyauka na kujikunja. “Shikamoo mama. Mpunga wangu una madoa, nipatie dawa.” Mwenye duka hawezi kusoma chochote kwenye jani lile, lakini mteja amekuja na hela. Humpa dawa ya ukungu iliyopo, na pengine humwongezea ya wadudu, ikikosa hii ipate ile.

Hapo ndipo pesa nyingi za wakulima wetu zinapopotelea. Madoa na michirizi kwenye jani la mpunga huletwa na mambo matano au sita tofauti, na dawa ya ukungu inahusika na mawili tu kati ya hayo. Mengine ni bakteria, kirusi, udongo uliopungukiwa, au dawa ya magugu uliyopuliza mwenyewe wiki iliyopita. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua unapambana na nini, na kazi hiyo hufanyika shambani, asubuhi, kabla ya kufikiria duka.

Ingia shambani na umande

Nenda mapema, jua halijakausha majani. Dalili za bakteria huonekana saa hizo, na mengine pia husomeka vizuri jani likiwa bichi. Usiishie kwenye tuta karibu na njia. Katisha shamba kutoka kona hadi kona, kisha rudi kwa kona nyingine, ukiinama kila baada ya hatua kadhaa.

Unachotafuta kwanza ni mpangilio wa tatizo shambani. Doa lenyewe litafuata. Je, mimea iliyoathirika imekaa kwa mabaka, yaani kundi hapa na kundi kule, na katikati mpunga mzima? Hiyo ni tabia ya kirusi, ya blasti inapoanza, na ya udongo wenye kasoro sehemu fulani. Je, tatizo limeanzia pale maji yanapoingilia na kushuka nayo jaruba hadi jaruba? Fikiria bakteria. Je, shamba zima limebadilika ndani ya siku mbili, au mstari wa madoa umefuata njia uliyopita na bomba la kupulizia? Hapo hakuna ugonjwa. Umeunguza mpunga kwa dawa, au upepo umekuletea dawa ya magugu kutoka kwa jirani. Ugonjwa wa kweli hauna haraka hiyo, wala haunyooki kama kamba.

Pili, angalia ni majani yapi. Majani ya chini, yaliyozeeka, yakiwa na madoa na ya juu yakiwa safi, shuku njaa ya udongo: mmea unapopungukiwa na potashi huihamisha kutoka jani kuukuu kwenda jani changa. Majani machanga yakiwa ndiyo yenye michirizi ya njano, shuku kirusi.

Tatu, jiulize ulifanya nini siku kumi zilizopita. Uliweka urea? Maji yalikatika? Ulipuliza dawa ya magugu? Andika. Wakulima wengi hawana daftari la shamba, na hili linawagharimu kuliko ugonjwa wenyewe, maana hata mtaalamu ukimleta maswali yake ya kwanza ni hayohayo.

Blasti: doa lenye ncha mbili

Blasti, ambayo wengine huiita ukungu wa mpunga, ina doa usiloweza kulisahau ukishalijua. Limechongoka juu na chini, limepanuka katikati, na limelala kufuata urefu wa jani. Katikati ni kijivu au jeupe la majivu, na pembeni limezungukwa na ukingo wa kahawia. Doa changa huwa dogo, la kijani kibichi chenye majimaji au la kijivu, kwa hiyo usilihukumu siku ya kwanza. Chagua lililokomaa. Madoa yakizidi huungana na jani zima likakauka, na ukitazama kwa mbali unaweza kudhani moto umepita.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio hili nyumbani. Kata vipande vya majani yenye madoa, viweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, juu ya karatasi iliyoloweshwa na kukamuliwa. Funika, weka kivulini usiku kucha. Asubuhi tazama doa kwa kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu na uikuze. Blasti hutoa vumbi laini la kijivu katikati ya doa. Hizo ni mbegu za ukungu, na ndizo zinazorushwa na upepo usiku kwenda mashina mengine. Katika hali ya unyevu, kizazi kimoja cha ukungu huu huchukua kama wiki moja tu.

Blasti inapenda mambo matatu: jani kukaa na maji kwa saa nyingi, urea nyingi kwa mpigo mmoja, na mpunga uliopata kiu. Hili la tatu huwashangaza watu. Tumezoea kusema ukungu huletwa na maji, kumbe jaruba lililokauka na kupasuka ndilo linaloufanya mpunga uwe dhaifu mbele ya blasti. Zamu za maji zikichelewa mferejini, kisha mvua ya manyunyu ikaja na mawingu ya siku tatu, jiandae. Vitalu vilivyopandwa nchi kavu huathirika kwa sababu hiyohiyo.

Tiba huanza na vitu visivyouzwa. Rudisha maji shambani na yabaki. Simamisha urea. Kama ulikusudia mfuko wa kilo 50 kwa ekari, ugawe mara mbili au tatu, na fungu la pili lisubiri hadi madoa mapya yakome. Mkulima anayeona majani yana madoa akaongeza urea “ili mpunga upate nguvu” anaulisha ukungu.

Dawa je? Maoni yangu ni haya: madoa machache kwenye majani mpunga ukiwa bado unachipua hayahitaji bomba. Mpunga una uwezo wa kutoa majani mapya na kuyasahau yale. Hela ya dawa iwekwe kulinda shingo. Blasti ikishika shingo ya shuke, pale linapotokea juu ya jani la mwisho, huziba njia ya chakula na shuke lote hubaki mapepe. Hilo ndilo linalomwacha mtu na magunia mawili badala ya ishirini. Kwa hiyo, ikiwa majani yalikuwa na blasti, na hali ya hewa bado ni ya mawingu na umande, pulizia mpunga unapobeba mimba mwishoni, kabla tu ya mashuke kuchomoza, na urudie yanapochanua ikiwa lebo inaruhusu. Shingo ikishakuwa nyeusi umechelewa, na hakuna dawa itakayoirudisha.

Viambato vinavyofanya kazi kwa blasti ni kama tricyclazole, azoxystrobin, na mchanganyiko wa tebuconazole na trifloxystrobin. Soma majina hayo kwenye maandishi madogo ya lebo. Jina kubwa la mbele ni la biashara, na chupa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa na kitu kilekile ndani. Usitumie kiambato kimoja msimu baada ya msimu, kwa sababu ukungu huzoea.

Jambo moja zaidi kuhusu mashuke meupe. Ukiona shuke limekauka wima, jeupe, huku majirani zake ni ya kijani, livute kwa vidole viwili. Likitoka kirahisi, na chini limetafunwa au lina unga wa kinyesi cha mdudu, huyo ni kipekecha shina. Likigoma, na shingo ina pete nyeusi au ya kahawia, hiyo ni blasti. Watu wawili wenye shida mbili tofauti hununua dawa moja kwa sababu tu hawakuvuta shuke.

Madoa ya kahawia: ugonjwa wa udongo maskini

Ugonjwa wa madoa ya kahawia hufananishwa sana na blasti, na duka likisikia “madoa” huwa haliulizi zaidi. Doa lake ni la mviringo au la yai, ukubwa wa mbegu ya ufuta, la kahawia, na likikomaa katikati huwa na rangi hafifu na pembeni pana duara la njano. Halina ncha. Tena yametawanyika jani zima karibu sawasawa, na mara nyingi utayakuta hadi kwenye maganda ya punje.

Huu nao ni ukungu, lakini chanzo chake kikubwa ni udongo uliochoka. Shamba linalolimwa mpunga kila mwaka, mabua yakachomwa au kubebwa yote, bila kurudishiwa kitu, hupungukiwa na potashi na madini mengine, na mpunga wa hapo hupata madoa haya hata kama jirani mwenye mbegu ileile hana. Basi dawa ya kupulizia hutuliza kidogo tu. Rudisha mabua na samadi shambani, weka mbolea ya kupandia yenye potashi, na usiache mpunga ukakosa maji. Ugonjwa huu ulihusishwa na kuharibika kwa mavuno kabla ya njaa kubwa ya Bengal ya mwaka 1943, ingawa mchumi Amartya Sen alionyesha baadaye kwamba bei na hali ya vita ndivyo vilivyowanyima watu chakula.

Madoa ya kahawia husafiri ndani ya mbegu, na blasti pia. Hivyo mbegu ndiyo pa kuanzia. Chuja mbegu kwa maji ya chumvi: endelea kuongeza chumvi kwenye ndoo ya maji hadi yai bichi lielee na kuonyesha sehemu yake ya juu. Mimina mbegu, koroga, tupa zote zinazoelea, kisha suuza zilizozama kwa maji safi mara kadhaa. Zilizoelea ndizo pepe na ndizo nyingi zenye ugonjwa. Ukiwa na kipimajoto unaweza kwenda mbali zaidi: loweka mbegu kwenye maji baridi kwa saa 8, kisha zizamishe kwenye maji ya nyuzi 53 hadi 54 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 12, halafu zipoze mara moja. Bila kipimajoto usijaribu. Kidole hakiwezi kutofautisha nyuzi 54 na 60, na kwa 60 umepika mbegu.

Kuna madoa mengine membamba, mafupi, ya kahawia, kama milimita chache tu, yanayokuja mpunga ukikaribia kukomaa. Hayo yaache. Mavuno hayatayumba.

Bakteria: jani linalokauka kuanzia ukingoni

Hapa hakuna doa la duara. Jani huanza kubadilika kwenye ncha au ukingo, rangi ya njano inayoteremka ikiwa na mpaka wa mawimbi, kisha hugeuka jeupe la makapi. Asubuhi na mapema unaweza kukuta matone madogo ya maziwa au ya njano juu ya jani. Yakikauka huwa punje ngumu za njano. Ndiyo maana nimesema nenda na umande.

Jaribio la kuthibitisha halina gharama. Chukua glasi safi isiyo na rangi, weka maji. Kata kipande cha jani pale penye mpaka wa kijani na njano, kwa kisu kikali, na uninginize sehemu iliyokatwa ndani ya maji bila kuitikisa. Iinue glasi mbele ya mwanga na usubiri dakika chache. Ikiwa ni bakteria, utaona uzi mweupe ukitiririka taratibu kutoka kwenye mkato na maji yakianza kuwa na utusitusi. Blasti na njaa ya udongo havitoi kitu.

Ugonjwa huu si wa kupuuza. Mwaka 2019 ulizuka kwenye mpunga wa umwagiliaji wa Dakawa, Morogoro, ukashambulia hata SARO 5, mbegu ambayo wengi wetu tunaitegemea, na watafiti waliochunguza bakteria wale wakakuta wana nasaba ya karibu na wale wa Asia. Mbegu ikisafiri kutoka mkoa hadi mkoa, ugonjwa nao umepata lifti.

Hakuna dawa ya kupulizia ninayoweza kukushauri uinunue kwa bakteria wa mpunga. Za shaba hupunguza kidogo na zinaweza kuunguza majani. Dawa za binadamu, zile za vidonge ambazo baadhi ya watu huziponda na kuzitia kwenye bomba, ni kosa kubwa: zinawafundisha bakteria kuvumilia dawa tunazozihitaji hospitalini. Kinachosaidia ni kuzuia njia. Bakteria huingia jani kupitia jeraha na husafiri na maji. Punguza maji ndani ya jaruba lenye ugonjwa, na usiruhusu maji yake yamwagikie jaruba lisilo na ugonjwa. Katika skimu zetu, ambako maji hupita jaruba la juu ili kufika la chini, hilo linahitaji mazungumzo na jirani pamoja na kamati ya maji, tena mapema. Simamisha urea hapa pia.

Na tafadhali acha desturi ya kukata ncha za miche mirefu kabla ya kupandikiza. Najua sababu: mche mfupi haulali, na mpandikizaji anakwenda haraka. Lakini kisu kile kinafungua mlango wa bakteria kwenye kila mche kilioupitia, na kama kitaluni kuna kirusi, kinakigawa pia. Pandikiza miche ikiwa michanga na hutakuwa na ncha za kukata.

Kimyanga

Kimyanga ni kirusi, na ndicho ninachokiogopa kuliko yote. Kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1966 nchini Kenya, karibu na Kisumu, na hadi leo ni ugonjwa wa Afrika, pamoja na Madagascar. Wanasayansi wanaofuatilia ukoo wa kirusi hiki wanakuta aina zake nyingi zaidi mashariki mwa Tanzania. Huku ni nyumbani kwake.

Dalili zake huchanganywa na njaa ya urea. Mpunga wenye kimyanga huwa wa njano au wa rangi ya chungwa, mfupi, wenye vichipukizi vichache. Lakini chuma jani changa ulishike juu mbele ya jua: utaona vistari vilivyokatikakatika vya kijani na njano vikifuata mishipa ya jani. Njaa ya urea haina vistari. Hufifisha jani zima sawasawa, ikianza na majani ya chini. Tena kimyanga hukaa kwa mabaka, na katikati ya mabaka utakuta shina moja limedumaa huku la pembeni limenawiri. Baadaye mashuke hukwama nusu nje nusu ndani, na punje huwa mapepe ya kahawia.

Bado una shaka? Chagua kipande kidogo cha baka hilo, hatua mbili kwa mbili, nyunyiza urea kidogo kukiwa na maji machache, na urudi baada ya wiki. Ikiwa ilikuwa njaa, kipande hicho kitakuwa kijani na utakiona toka mbali. Ikiwa ni kimyanga, hakuna kitakachobadilika, na umepoteza konzi mbili za mbolea badala ya mfuko.

Hakuna dawa ya kimyanga. Yeyote anayekuuzia dawa ya kimyanga anakuuzia maji. Kirusi hiki huenezwa na mbawakavu wadogo wanaotafuna majani, na huenezwa na utomvu: mikono ya mpaliliaji, mundu, panya, ng'ombe anayekatisha shamba akitafuna huku na kule. Hakipiti kwenye mbegu, na hiyo ndiyo habari njema pekee. Maana yake ni kwamba mpunga wako huanza msimu ukiwa safi, na ugonjwa unaletwa kutoka nje ya punje: kutoka kwenye maotea yaliyochipua kwenye mabua ya mwaka jana, mpunga mwitu ulio pembeni ya mfereji, na nyasi jamii ya mpunga.

Ukiona mashina machache ndani ya wiki za mwanzo baada ya kupandikiza, yang'oe pamoja na mizizi, yatoe shambani ukiwa umeyafunga ili yasisuguane na mazima, uyafukie. Palilia sehemu nzima kwanza na uishie kwenye baka lenye ugonjwa, kamwe usianze nalo. Nawa mikono kwa sabuni, osha mundu. Kama zaidi ya nusu ya shamba imeshikwa mapema, hesabu yangu ni kwamba usiongeze hata shilingi moja ya mbolea humo. Ukiwa bado na muda na maji, ni afadhali kulivuruga na kupandikiza upya kwa miche iliyotoka kitalu cha mbali.

Kitalu ndicho kitovu. Kiweke mbali na maotea na mbali na shamba lililougua. Wengi huweka kitalu karibu na banio kwa sababu ya urahisi wa maji, mahali ambapo mpunga mwitu huwa kijani mwaka mzima. Ni mahali pabaya kuliko pote.

Pale udongo unapodanganya

Wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza, majani ya chini yakipata vidoadoa vya rangi ya kutu, na mshipa wa kati wa jani changa ukawa mweupe kuelekea shinani, huku mimea ikiwa mirefu na mifupi kwa mabaka, fikiria upungufu wa zinki. Hutokea sana kwenye udongo wenye magadi na pale maji yanapotuama muda mrefu. Kausha jaruba kwa siku chache na mara nyingi utaona nafuu. Salfeti ya zinki hupatikana kwenye baadhi ya maduka ya pembejeo, na msimu ujao unaweza kuchovya mizizi ya miche kwenye maji yenye oksidi ya zinki ya asilimia 2 hadi 4 kabla ya kupandikiza. Ncha za majani zikiwa nyeupe na zimekauka, na juu ya tuta kuna unga mweupe, hiyo ni chumvi. Ingiza maji safi na uyatoe.

Ukishaamua kupulizia

Pima bomba lako kwanza. Weka maji matupu, pulizia eneo la mita 10 kwa 10 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia lita ngapi. Zidisha mara 40, hapo una lita za ekari moja. Ukitumia lita 4, ekari itataka lita 160, yaani bomba 10 za lita 16. Kiwango cha dawa kwa ekari kilichoandikwa kwenye lebo kigawe kwa hizo bomba 10. Kifuniko cha chupa si kipimo, na “kuongeza kidogo ili ishike” hakusaidii kitu zaidi ya kuunguza majani.

Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo ya Kiswahili na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka inayosimamia afya ya mimea na viuatilifu. Dawa iliyopunguliwa kwenye chupa ya soda usiikubali hata kwa bei ya chini. Vaa buti, glovu na barakoa. Pulizia umande ukishakauka au jioni upepo ukitulia. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Na usioshee bomba mferejini: kuna mtu chini yako anachota maji hayo, na maji ya bonde hili yanaelekea mto Ruaha.

Ukishindwa kutambua, peleka sampuli nzuri. Chukua mimea mitatu yenye hatua tofauti za ugonjwa, na mizizi yake iliyooshwa, na mmoja mzima wa kulinganishia. Ifunge kwenye gazeti, usiitie kwenye mfuko wa plastiki ikapata joto na kuoza njiani. Andika tarehe, jina la mbegu, mbolea na dawa ulizotumia na siku zake. Anza kwa afisa ugani wa kata. Yeye akishindwa, sampuli inaweza kupelekwa TARI Uyole, Mbeya. Picha za simu husaidia ukipiga tatu: shamba zima, shina moja, na jani likiwa mbele ya mwanga.

La mwisho ni kwa vyama vya wamwagiliaji. Blasti unaweza kupambana nayo peke yako, kimyanga huwezi. Mkubaliane tarehe moja ya kulimia mabua baada ya mavuno, mng'oe mpunga mwitu kandokando ya mfereji mkuu, na vitalu vianze ndani ya muda mmoja. Shamba moja lililoachwa na maotea linatosha kuwapatia mbawakavu kirusi cha kusambaza kwa wote wanaolizunguka, kwa hiyo likagueni kabla banio halijafunguliwa.